Karanga Zilizomenywa Kimya

Mwaka jana karanga zetu zilirudishwa na mnunuzi zikiwa bado ndani ya magunia, na nusura nirudishwe nami. Zilikuwa nyingi, hilo hakuna aliyebisha. Shamba lilizaa hadi majirani wakaanza kutuamkia kwa adabu. Lakini mkaguzi alipasua chache, akazinusa, akatikisa kichwa. Kuvu. Lori likaondoka tupu, na ukoo mzima wa mke wangu ukageuka kunitazama, maana kosa likitafuta mwenyewe hapa Kamwendo huanzia kwa mgeni.

Mgeni ndiye mimi. Kwetu sisi Wachewa, mwanamume huwafuata wakwe zake. Hulima ardhi ya mke, hula chungu cha mke, na watoto ni wa ukoo wa mke. Sina ugomvi na hilo. Baba yangu aliishi hivyo hivyo na akafa akiwa mtu wa heshima. Ila siku nikiambiwa nikunje mkeka wangu, nitaondoka na mkeka na jembe, basi. Falesi atabaki kwao. Na Sungeni, binti yangu, ambaye wakati ule alikuwa ndiyo kwanza anaota meno na kunitafuna vidole, atabaki pia, akue akimwita mtu mwingine baba.

Mjomba Biliati, kaka yake mama mkwe na mkubwa wa ukoo, aliniita uani mwake siku ile lori lilipoondoka. Hakupandisha sauti. Biliati hana haja ya kupandisha sauti.

"Mkono wako una kuvu, Saulosi," alisema. "Nakupa msimu mmoja. Karanga zikirudi tena, nawe unarudi kwenu. Usije ukasema hukuambiwa."

Nikamwambia asante. Ndiyo adabu, hata akikutukana mjomba wa mkeo unamwambia asante. Kisha nikaenda nyuma ya ghala nikakaa chini.

Tangu siku hiyo sikuwa na raha. Nilikula nsima, ugali wetu, bila kujua kitoweo ni nini. Falesi aliniambia naongea usingizini, na ninachoongea ni matuta.

Mawingu ya kwanza yalipokuja nilikuwa nimekwisha kukatua shamba lote. Nilisogeza matuta karibu karibu, tena kila tuta nikalipanda mistari miwili, ili majani yafunike udongo mapema, magugu yakose nafasi na unyevu usikimbie. Biliati alipita na fimbo yake, akauliza kama mkwe analima karanga au anasuka ukili. Akaongeza kwamba mchagua jembe si mkulima. Walicheka waliokuwa naye, nami nikacheka, kwa sababu mkwe asiyecheka utani wa mjomba anaonekana ana kinyongo. Moyoni nilikuwa na kinyongo.

Ni wakati wa kupanda ndipo nilipogundua jambo lililoninyima amani kabisa. Mbegu tulikuwa tumeiweka katika maganda yake tangu mavuno, kikapuni, juu ya jiko. Mimi na Falesi tukaimenya kwa mikono ili tuipande. Nilipasua ganda la kwanza, karanga ikatoka safi, ngozi yake nyekundu inang'aa. La pili hivyo hivyo. Kikapu kizima kilikuwa hivyo, pasipo hata dalili ya kuvu. Nami nilijua kwamba karanga zile zilitoka shamba lile lile lililotoa magunia yaliyorudishwa. Mvua moja, udongo mmoja, mkono mmoja. Kama mkono wangu una kuvu, hizi ziliponea wapi?

Nikamuuliza Falesi zile za magunia zilimenywaje. Akanijibu bila kuinua macho kwamba zilimenywa kama siku zote: mama huzinyunyizia maji jioni, zikilala na maji hayo, asubuhi ganda limelainika na vidole havipati tabu.

Nikaacha kumenya. Karanga uliyoikausha juani juma baada ya juma, halafu uirudishie maji uifunge guniani na joto lake, unategemea nini? Hata mkate ukiufanyia hivyo unaota manyoya. Nilitamani kucheka na kulia pamoja. Nilikuwa nimempata mwenye mkono wa kuvu, na alikuwa mtu pekee duniani nisiyeweza kumwambia.

Mama mkwe huzungumzi naye. Hatazamwi usoni. Akija njia moja nawe, unaingia majanini hadi apite. Tangu nioe, nilichojua juu ya mama yake Falesi ni mgongo, kitambaa cha kichwani na kikohozi. Kuna mzee wa kwetu anayenisimamia katika ndoa, na huyo ndiye mwenye ruhusa ya kupeleka neno zito, lakini akija rasmi kusema mama mkwe ameharibu mavuno, hiyo ni kesi, na katika kesi ya ukoo mgeni hashindi hata akishinda.

Nikamwomba Falesi amwambie. Alimweka mtoto kifuani.

"Unataka nimwambie mama kwamba alikuacha ukatukanwa miezi yote hii kwa kosa lake?"

"Mwambie tu maji hapana."

"Hayo ni yale yale, Saulosi. Mama si mjinga."

Akaahidi kutafuta njia. Siku zikapita, nikamuuliza, akasema ameshasema. Amesemaje? Amesema mwaka huu tusiziharakishe karanga. Nikamuuliza kama neno maji limetajwa. Akaanza kumbembeleza mtoto aliyekuwa amelala fofofo.

Mambo ya shambani nayo hayakunipa nafasi ya kupumua. Karanga zilichanua vizuri, zikaanza kushusha vikonyo vyake udongoni, na hapo nikawakataza watu wote kuingiza jembe, maana ukipalilia wakati huo unang'oa mzigo kabla haujazaliwa. Magugu machache nikayatoa kwa mkono, nikitambaa. Kisha, karanga zilipokuwa zinajaza maganda, mvua ikakatika. Mbingu ikawa nyeupe. Adhuhuri majani yalijikunja na mimi nikajikunja nayo. Nilikuwa nimefunga mifereji kati ya matuta ili maji ya mvua za mwanzo yasitoroke, na hiyo ilitusaidia kidogo, lakini kidogo ni kidogo. Nilichimbachimba kwa kidole kando ya mashina kama mwizi, nikakuta maganda yenye chembe moja, na mengine yamejaa hewa tu. Ukame wa namna hiyo hupunguza mavuno, kila mtu anajua. Kinachosahaulika ni kwamba hupasua maganda udongoni na kuikaribisha kuvu huko huko chini. Kwa hiyo nilikuwa na hofu mbili, moja ardhini na moja jikoni kwa mama mkwe.

Mvua ilirudi ikiwa imechelewa. Nilianza kung'oa nilipopasua maganda na kuona ndani yamegeuka rangi ya chai, wala sikungoja siku zaidi. Tulizilaza mizizi juu, maganda yakitazama jua, kisha tukazijenga katika vichuguu vidogo, maganda ndani, majani nje, upepo ukipita chini. Yaliyopasuka niliyatupa. Nilitupa mengi, na Biliati aliyaona.

"Mwaka jana zilikuwa nyingi mbovu," akasema. "Mwaka huu ni chache, na hujui kama ni nzima. Ama kweli umepiga hatua."

Nikamwambia asante.

Habari ilipokuja kwamba lori la mnunuzi limekaribia, wanawake walianza kumenya, uani kwa mama mkwe. Mimi nilikuwa ng'ambo ya ghala, nasuka mkeka, kazi ya mwanamume anayetaka aonekane ana shughuli. Nilikuwa nasikiliza. Ganda kavu la karanga hulia linapopasuka, tak, tak, na wanawake watano wakimenya pamoja utadhani moto unakula kuni mbichi. Siku ya kwanza nililisikia hilo, nikafurahi hadi nikakosea kusuka. Siku iliyofuata nilisikia mazungumzo, nikasikia kicheko, nikasikia mama mkwe akikohoa. Kulia kwa maganda sikukusikia. Walikuwa wanamenya kimya.

Nilijua maana yake, na nilijua pia kwamba Falesi hakuwahi kusema. Nilimtazama Sungeni, alikuwa anacheza karibu nami akila udongo, nikamfuta mdomo, nikaona kabisa njia ya kwetu Dowa, mkeka begani, na mtoto huyu akilia mlangoni kwa siku chache kisha akisahau.

Nikangoja wanawake waende kuteka maji. Mama mkwe alibaki peke yake. Nilimjua kwa kikohozi. Kati yetu palikuwa na ukuta wa matete, na upande wangu alikuwa amefungwa mbuzi wa Falesi. Nikageuza mgongo, nikapiga magoti, nikamwambia mbuzi.

"Mbuzi, nisamehe, mimi ni mtu asiye na adabu. Nina neno na wewe. Karanga zikishakauka hazitaki maji tena. Zilizomenywa kwa maji zinaota kuvu, zile kavu zinabaki safi. Niliona kwenye mbegu. Nakuomba wewe mbuzi, kwa ajili ya mtoto wangu."

Nilikuwa nimefanya jambo ambalo peke yake lingetosha kunifukuzisha, bila hata karanga.

Kisha sauti ikaja, nzito kuliko nilivyodhani.

"Mbuzi, mwambie huyo anayekusumbua kwamba nimesikia. Na umuulize, amewahi kumenya gunia zima la karanga kavu?"

"Mbuzi, sijawahi."

"Mwambie basi. Kucha zinang'oka. Ncha za vidole zinapasuka, chumvi ya mboga ikigusa unaona nyota mchana. Vidole vyangu vilipinda tangu nimzae wa mwisho, asubuhi havikunjuki. Kaka yangu anataka magunia yawe tayari kabla ya lori. Hajauliza yanakuwaje tayari. Wala huyo wa kwako hajauliza. Amepima matuta, amepima jua, amepima rangi ya ganda. Mikono ya mtu hakuipima."

Alisema kweli, na iliniuma. Nilikuwa nimelichunga kila jani la shamba lile, lakini karanga ikishaingia uani kwa wanawake niliiona imekwisha, kana kwamba inajimenya yenyewe.

"Mbuzi," nikasema mwishowe, "mwambie nitamenya mimi."

Alicheka. Kicheko kifupi, akakimalizia kwa kikohozi. "Mwanamume? Watasema binti yangu amekulisha dawa."

"Waseme."

"Gunia moja limekwisha kupita majini, mbuzi. Hilo nitaliweka chumbani kwangu, lisichanganywe. Mengine ayafuate huyo mwendawazimu wako mlangoni kwa mkewe."

Tukafanya hivyo. Falesi alikuwa akileta karanga ndani ya vikapu, kanga juu, kana kwamba ni nguo za kufua, nami nilifunga mlango nikamenya. Wanawake wengine waliambiwa wapumzike, na kwa kuwa ni pumziko hawakuuliza. Ilikuwa kama alivyosema. Vidole gumba vilivimba kwanza, halafu ngozi ikapasuka pembeni mwa kucha. Nilipokula nsima na kitoweo cha bamia, chumvi ilinionyesha nyota. Falesi alinifunga vitambaa, akamenya nami mtoto akilala, na hapo ndipo aliponiambia kwamba aliogopa. Kila alipofungua mdomo kumwambia mama yake, alimwona mama akijikanda mikono. Sikumlaumu. Nilikuwa na hofu mpya: je, gunia lile la maji lingekaa kweli chumbani? Na zile kavu, ukame ulikuwa umeziachia nini ndani? Karanga haikwambii mpaka uipasue, na huwezi kuzipasua zote.

Lori likaja. Magunia yakapangwa uwanjani, na hata mimi niliona aibu kwa uchache wake. Safari hii mkaguzi alikuwa mwanamke mrefu, ameshika mkuki mdogo wa chuma wenye mfereji, anauchoma guniani na kutoka na karanga za katikati kabisa. Ukoo ulisimama upande mmoja. Wakwe zangu wanawake walisimama mbali, karibu na ukuta, na mama mkwe nyuma yao, amegeuza uso kama desturi inavyotaka.

Akachoma la kwanza. Akapasua, akanusa, akatafuna moja akaitema. Akaandika alama ya chaki. Safi. Akaenda la pili, la tatu. Chaki. Nilianza kuvuta pumzi zilizofika chini. Watu walianza kunong'ona kwa sauti nzuri. Biliati alikuwa amesimama na fimbo yake, kidevu juu.

Gunia la mwisho alilichoma mara moja, akatulia. Akachoma upande mwingine. Akamimina karanga kiganjani, akakinyoosha mbele ya Biliati. Hata mimi niliyekuwa mbali niliona ule unga wa kijani.

"Hili limelowana," alisema mkaguzi. "Na kama mmoja wenu ameweka hili, sijui ameweka nini katika hayo mengine. Itabidi niyaache yote."

Biliati akanigeukia. Hakutafuta maneno, nadhani alikuwa nayo tayari tangu mwaka jana.

"Nilikwambia ni mkono," alisema. "Kunja mkeka wako, Saulosi. Leo, si kesho."

Nililitambua gunia kwa kiraka chake. Ni lile la chumbani. Nilijua limelowanishwa na nani, na nilijua kwamba nikisema, nitakuwa mwanamume aliyemvua nguo mama mkwe wake mbele ya watu. Huyo hata kwao hapokelewi. Falesi alikuwa ameanza kulia, na Sungeni, kwa kumwona mama yake, akaanza naye.

Ndipo wale wanawake walipoachia nafasi katikati, na mama mkwe akatoka. Hakupita pembeni. Alivuka uwanja, akaja moja kwa moja, akasimama mbele yangu, karibu hata nikanusa moshi wa nguo zake. Watu waligeuza nyuso zao. Mimi nikatazama miguu yangu.

"Biliati," akasema, bado amenielekea mimi, "gunia hili nililificha chini ya kitanda changu ili niwape wafuga nguruwe, wakikubali. Nani ameingia chumbani kwangu?"

Biliati alihamisha fimbo kutoka mkono huu kwenda ule.

"Magunia yalikuwa machache," alisema hatimaye, na kwa mara ya kwanza nilisikia sauti yake ikiyumba. "Watu wangetucheka. Niliona umeficha moja, nikadhani unawawekea wanao. Sikujua lina nini."

"Lina maji. Niliyatia mimi. Na ya mwaka jana niliyatia mimi, yote, kwa sababu mikono hii haiwezi tena, na wewe unaagiza magunia tu. Kijana huyu mwaka mzima unamwita mkono wa kuvu, nami nanyamaza kwa sababu ni mgeni, atavumilia." Akakohoa, akangoja kifua kitulie. "Kama kuna mkeka wa kukunjwa, kunja wangu. Hii ni nyumba ya mama yangu, utanipeleka wapi?"

Mkaguzi, ambaye hakuwa na habari na wakwe wala mikeka, aliuliza kama hayo mengine nayo yametiwa maji. Mama mkwe akamwambia achome anavyotaka. Akachoma kila gunia upya, juu, kati na chini, na kila alipopasua karanga nilihisi ni kifua changu. Ikamchukua muda. Biliati alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, anatazama chini. Mwishowe yule mwanamke akawaonyesha wapakizi kwa kidole, wakaanza kuyabeba, yote isipokuwa lile la kiraka.

Nilitakiwa niondoke mbele yake. Nilitakiwa niingie majanini, nijifiche, nitume kuku wa kuomba radhi. Lakini miguu haikwenda, na yeye pia hakuondoka. Nikainua macho. Ana uso mwembamba, na kovu dogo juu ya jicho ambalo Falesi hakuwahi kunitajia.

"Wewe," akasema, kwa ile sauti nzito, na hakumwambia mnyama wala ukuta. "Mwakani karanga tuzipande wapi?"

Mkwe wa kuhamia haulizwi. Huonyeshwa shamba kwa fimbo, akaenda. Nilitaka kumwambia kuhusu ule udongo mwepesi wa bondeni, na kwamba tusizidishe shamba, tulime lile ambalo mikono yetu sote inaweza kulimenya likiwa kavu. Nilikuwa nayo yote kichwani. Lakini nilikuwa bado nalisikia lile neno "mwakani", nikaanza kulia mbele ya mama mkwe wangu na ukoo mzima, na yeye akasimama pale pale akanisubiri nimalize.